Dawa Iliyozimuliwa Yawafunza Vijidudu

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikaingia kazi ya reli. Lakini kuna jambo moja la kazi yetu ambalo nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na nikilinyamazia nitakuwa nimewakosea ninyi na watoto wenu.

Zamani kidogo nilikuwa katika kundi la usafi. Dawa ya kuua vijidudu tuliyopewa kwa mwezi mzima ilikwisha katika juma la pili. Basi tulifanya nini? Tulitia maji. Juma la tatu tukatia maji tena. Msimamizi aliona, akanyamaza, maana hesabu yake ya stoo ilikuwa nzuri. Harufu ilikuwapo, povu lilikuwapo, nasi tukadhani kazi imekwisha. Aliyeshika ndoo ni mimi.

Mzee mmoja Mmaasai wa hapa Kajiado ndiye aliyenifumbua macho, naye alikuwa akisema habari ya kupe. Alisema, ukitia maji mengi katika dawa ya josho, kupe dhaifu hufa, lakini kupe wagumu huoga tu na kwenda zao. Wagumu hao ndio wanaozaa. Baada ya miaka kadhaa josho lote ni kazi bure.

Vijidudu, yaani bakteria, wana tabia iyo hiyo, ila wao huzaana kwa dakika, si kwa miezi. Dawa ikiwa kali kwa kipimo chake, huwaua wote pamoja. Ikiwa hafifu, hubaki wale wenye namna ya kujiokoa. Wengine wana kitu kama pampu ndogo mwilini, cha kutapika sumu. Na hapa ndipo hatari ilipo, ndugu zangu: pampu hiyo hiyo yaweza kutapika pia antibaiotiki, dawa tunazopewa hospitalini. Tena bakteria hupeana siri hizo, mmoja kwa mwingine.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 1998 wataalamu wa Boston, Marekani, akiwamo Stuart Levy, walionyesha kuwa triklosani, iliyokuwa ikitiwa katika sabuni nyingi, hupiga bakteria mahali pamoja maalumu, na bakteria akibadilika kidogo mahali hapo hupona. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikataza triklosani na dawa nyingine 18 katika sabuni za kunawia za watu wa kawaida. Watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji, na kwamba hazina madhara zikitumiwa kila siku.

Nami mwaka 2020, Korona ilipoingia, nilikuwa nikinunua kwangu Kitengela sabuni ya bei kubwa iliyoandikwa kwamba yaua vijidudu. Sabuni ya mche ingetosha.

Sisemi kwamba ndoo ya usafi ndiyo mkosaji mkubwa. Mkosaji mkubwa ni matumizi mabaya ya antibaiotiki zenyewe: vidonge vinavyoachwa katikati, na sindano anayopigwa mbuzi kwa kukisia. Lakini ndoo ni mlango mmoja, na mlango huo umo mikononi mwetu.

Hasara ni ya nani? Mwaka 2019 peke yake, watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa. Mtu wa gengi akikatwa na chuma leo katika reli ya Konza na Magadi, kidonda kikaingia bakteria kama hao, dawa ya kwanza haifai, ya pili haifai. Ya tatu ni ghali, na siku za kazi zinapotea. Aliyeokoa shilingi chache za dawa ya choo hatamlipia.

Wengine watasema, basi tuache dawa hizi kabisa. Hapana. Choo na mahali penye damu pana haki ya dawa. Lakini kwanza uchafu uoshwe kwa sabuni, maana uchafu huila nguvu ya dawa. Klorini ya 5 kwa 100, kwa sakafu na choo ni kipimo 1 kwa maji vipimo 49. Kwa damu ni 1 kwa 9. Ichanganywe upya kila siku, iachwe dakika 10 kabla ya kufutwa. Kwa mikono, sabuni na maji yanatosha.

Kwa hiyo naomba chama chetu kidai mambo matatu: dawa ya kutosha mwezi mzima, kikombe cha kupimia na glavu kwa kila kundi la usafi, na maji ya bomba yasiyokatika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kemikali ziwe na maandishi ya kuzieleza, na kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tuitumie kamati hiyo.

Nasi tuahidi moja: dawa ikiisha, tuseme imeisha. Tusitie maji tukanyamaza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ni mimi mwenzenu wa reli,
Kitengela