Kukataa si Kupigana

Wakenya wenzangu, kabla hatujaanza kubishana juu ya maandamano yajayo, nawaomba tukubaliane juu ya jambo moja. Fikirieni mtu asiyepiga, asiyetishia, asiye na jiwe wala kisu mkononi, ila amegoma tu kufanya anachoamriwa na askari. Ameketi chini, au amenyamaza, au ameng'ang'ania beseni lake la nyanya kanjo wasimnyang'anye. Je, ni halali kumuumiza mtu huyo mpaka atii?

Mimi nasema si halali. Nasema pia kwamba katazo hilo sharti liandikwe waziwazi, kwa kutaja kifaa kimoja kimoja, na liandikwe sasa. Waliochelewa kuliandika tunawajua, na gharama yake tunaijua.

Mwezi wa Aprili mwaka 2011, katika mji mdogo wa Pinehurst, jimbo la North Carolina huko Marekani, Ronald Armstrong alipelekwa hospitali na dada yake. Alikuwa mgonjwa wa akili na alikuwa ameacha dawa. Kufika pale akaingiwa na hofu, akatoka nje. Daktari akaona ni hatari kumwacha azurure, akaanza kuandika karatasi za kumlaza kwa lazima, na polisi wakaitwa. Walimkuta karibu na barabara, si mbali na hospitali. Mwanzoni hapakuwa na ugomvi wowote. Walizungumza naye wakingoja karatasi. Yeye alikuwa akila nyasi na kuzima sigara kwenye ulimi wake mwenyewe. Karatasi zilipokamilika, aliketi chini akakumbatia nguzo ya kibao cha kusimamisha magari.

Alikuwa peke yake. Waliomzunguka walikuwa polisi watatu na walinzi wawili wa hospitali, na dada yake akiwa kando. Hazikupita sekunde nyingi, askari mmoja akatoa bunduki ya umeme. Alipigwa shoti mara tano kwa muda wa kama dakika mbili, na nguzo hakuiachia. Mwishowe wale watu watano walimbandua kwa mikono yao, kazi ambayo wangeweza kuifanya tangu mwanzo bila shoti hata moja. Wakamtia pingu, wakamfunga miguu, wakamlaza kifudifudi kwenye nyasi. Aliyegundua kwamba hatikisiki tena ni dada yake, akawaomba wamtazame. Walipomgeuza, uso ulikuwa umebadilika rangi. Hakupona.

Kesi ilifika mahakama ya rufaa, na Januari 2016 majaji wakatoa uamuzi ambao kila mwananchi angependa kuusikia: ni kinyume cha katiba kutumia bunduki ya umeme kwa mtu anayekataa kukamatwa bila kuleta hatari ya papo kwa papo. Lakini askari wale hawakulipa kitu. Mahakama ilisema kwamba siku ya tukio sheria ilikuwa haijakuwa wazi vya kutosha, hivyo hawangeweza kudaiwa fidia. Kanuni ikapatikana, familia ikatoka mikono mitupu. Ndiyo maana nasema tusingoje kesi ya kwanza ndipo tuandike.

Watetezi wa silaha hii wana hoja moja nzito, nami siipuuzi. Wanasema afadhali shoti kuliko risasi. Kwa mtu aliyeshika panga na anamkimbilia mwenzake, nakubali kabisa. Mpeni askari kifaa chochote kitakachomwezesha kumzuia bila kumuua. Lakini yule wa Pinehurst nani angempiga risasi? Hakuna askari ambaye angempiga risasi mgonjwa aliyekumbatia nguzo. Kama bunduki ya umeme haingekuwapo, wangeendelea kumbembeleza, au wangembeba. Kwa mtu asiyepigana, kifaa hiki huchukua nafasi ya mazungumzo na subira, na hapo ndipo hoja yao inapoishia.

Pia inafaa tujue kinavyofanya kazi, maana wanaokisifu huwa hawaelezi. Kuna namna mbili. Ya kwanza, bunduki hurusha vishale viwili vilivyounganishwa na nyaya. Vikinasa mwilini, misuli hukakamaa na mtu huanguka. Kila kifyatulio kinapobonyezwa, umeme hupita kwa sekunde tano, na ukiendelea kukishikilia, nao unaendelea. Ya pili ni kuigandamiza bunduki yenyewe kwenye mwili. Hapo misuli haikakamai namna ile. Kinachopatikana ni maumivu tu. Armstrong alifanyiwa hii ya pili. Na mwaka huohuo wa 2011, Wizara ya Sheria ya Marekani pamoja na jopo la wakuu wa polisi walikuwa wametoa mwongozo unaowatahadharisha polisi kwamba kumlazimisha mtu kwa maumivu hayo hakusaidii sana, na kukirudiwa kunaweza kumpandisha hasira. Kumbe hata kwa kipimo cha polisi wenyewe, ni kazi bure.

Tusidhani lakini kwamba jambo hili ni la ng'ambo. Sisi tuna rungu, tuna vitoza machozi, tuna maji ya kuwasha na bunduki za kutuliza ghasia. Vyote vililetwa kwa ahadi ileile, kwamba haviui. Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya jiji la Nairobi, kijana aliyekuwa akichuuza barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu sana. Taarifa ya polisi wenyewe ilisema silaha hiyo ilikuwa ya kutuliza ghasia. Alikaa hospitalini karibu wiki mbili, akafariki. Video tuliiona sote: hakuwa na kitu ila barakoa zake.

Na Likoni je? Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu ya korona. Watu walitoka kazini kisiwani Mombasa mapema, wakajazana kwenye kivuko ili wavuke kwenda Pwani Kusini kabla ya saa moja jioni. Yaani walikuwa wakijitahidi kuitii amri. Waliokwama pale walirushiwa vitoza machozi, wakachapwa, wengine wakalazwa chini, na saa ya kafyu ilikuwa haijafika. Mtu akikuamuru uende nyumbani, kisha akakupiga ukingojea feri ya kukufikisha nyumbani, hapo sheria gani inalindwa? Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaomba Wakenya radhi siku chache baadaye kwa ukatili wa polisi. Radhi tuliipokea, lakini radhi haimfungi mikono askari wa kesho.

Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walikataa kuigiza mchezo wao kwenye tamasha la kitaifa la drama huko Nakuru. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Mimi naona huko ni kukataa kwa adabu ya hali ya juu, pengine kuliko hotuba nyingi za bunge letu. Na bado vitoza machozi vilirushwa kuwatawanya watu waliokuwa wamefika kuwatazama. Tamasha la watoto wa shule!

Kuna jingine ambalo huwa hatulifikirii vya kutosha: si kila anayeonekana kukataa amekataa. Huyu ni kiziwi, hajasikia amri. Yule ni ajuza wa kijijini asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, anafokewa kwa lugha zote mbili. Mwingine ana kifafa, au sukari imeshuka, au ana woga uliomgandisha. Mwaka 2007, katika uwanja wa ndege wa Vancouver nchini Kanada, Robert Dziekański kutoka Poland alikwama saa nyingi pasipo mtu wa kumweleza kitu kwa lugha yake. Alichanganyikiwa, akaanza kurusha vitu. Polisi wanne walipofika, walimpiga shoti kabla hata ya dakika moja kwisha, naye alikuwa ameshika stepla. Shoti zilikuwa tano. Akafia palepale.

Polisi wale walitoa maelezo yao, na maelezo yangebaki hivyo kama msafiri mmoja hangekuwa amerekodi video. Tume ya jaji Thomas Braidwood iliitazama video hiyo, ikayalinganisha na maelezo, na mwaka 2010 ikasema matumizi ya silaha ile hayakustahili. Baadaye wawili kati ya wale wanne walitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo mbele ya tume. Kwa hiyo anayewaambia eti kurekodi ni uchochezi, mwambieni habari ya Vancouver.

Sasa tugeukie sheria yetu, maana nayo si mbovu kama tunavyodhani. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu itumike tu pale njia hizo zinaposhindwa, tena kwa kiasi kinacholingana na kosa na upinzani. Aliyeumizwa apewe matibabu mara moja. Amri ya mkubwa haiwi kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Jedwali hilohilo linaagiza kanuni zaidi zitungwe: orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, mafunzo anayotakiwa kuwa nayo anayevitumia, na namna ya kuripoti kila vinapotumika.

Udhaifu wake ni kwamba neno "zinaposhindwa" linaacha mlango wazi. Askari mwenye haraka atasema: nilimwambia ainuke mara mbili, hakuinuka, njia za amani zikashindwa. Ni lazima mlango huo ufungwe kwa sentensi moja isiyo na utata: mtu asiyeleta hatari ya papo kwa papo kwa mwili wa mtu mwingine hatapigwa shoti, hatapigwa rungu, hatarushiwa gesi wala risasi ya aina yoyote, hata akikataa amri halali. Akistahili kukamatwa, na akamatwe. Abebwe na watu wanne ikibidi, apelekwe mahakamani akajibu. Adhabu ni kazi ya hakimu.

Najua askari watasoma haya wakauma meno. Wengi wao hulala kwenye vibanda vya mabati, hutumwa mahali pa hatari bila vifaa, na jiwe haliwachagui. Nao ni wananchi wenzetu. Kanuni iliyo wazi inawakinga wao pia, kwa sababu ofisa mkuu akitoa amri chafu kwenye redio, konstebo atakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Leo hana, na kesi ikija, konstebo ndiye anayeshtakiwa.

Basi tufanye nini? Barua kwanza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kila raia kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ninaomba kila chama cha wakazi, kila chama cha bodaboda, kila muungano wa wachuuzi sokoni, kila kanisa na kila msikiti uandike barua moja kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Ulizeni maswali haya: polisi wamenunua vifaa gani vya kudhibiti watu, vikiwemo vya umeme? Ni kanuni ipi inayosema vitumike kwa nani na visitumike kwa nani? Ripoti za matumizi yake ziko wapi? Pigeni mhuri, wekeni nakala. Msipojibiwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Barua moja hutupwa kapuni. Barua elfu kutoka kaunti 47 hujibiwa.

Barua zikiendelea, tupeleke ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119, lenye ile sentensi moja niliyoiandika hapo juu. Mbunge wako umuulize ana kwa ana, kwenye mazishi, kwenye harambee, popote anapokuja kuomba kushangiliwa: utaipigia kura au hutaipigia? Akizungukazunguka, mwambie akae chini.

Na pale mtaani, ukiona mtu anapigwa naye hapigani, simama kwa umbali salama, rekodi, taja mahali na saa kwa sauti ili viingie kwenye video, soma namba ya askari au ya gari kama inaonekana. Usiihariri video hiyo. Mpeleke majeruhi hospitali kabla ya jambo lolote, kisha andikisheni tukio kituoni, mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kuandikiwa majeraha. Kituoni fomu hiyo hailipiwi. Askari anayedai hela anadai hongo. Halafu pelekeni malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Wengi huishia kwenye kulia mitandaoni, na video nzuri hupotea kwa sababu hakuna aliyekwenda kuandikisha jina lake kama shahidi.

Anayeweza kuandika Kiswahili sanifu amsaidie mama mboga kuandika barua yake wiki hii. Mwenye kompyuta achape. Mwanasheria wa mtaa aisome bila kudai ada. Tuzipeleke pamoja, siku moja, kila kaunti, mkono kwa mkono, tukiwa tumevaa nguo zetu za kazi. Na tukiambiwa pale mlangoni tutawanyike, tuketi.