Apu ya kusaka wenzako wa gemu? Anzia Chepkoilel, si Afrika nzima

Ni Jumatano, saa mbili usiku. Mvua imenyesha na baridi ya Eldoret unaijua. Uko chumbani kwenye ploti moja nje ya geti la chuo, bando umenunua, simu imejaa chaji. Unafungua Call of Duty: Mobile, unasubiri upangiwe kikosi, na unatupwa pamoja na watu watatu usiowajua. Mmoja anaongea lugha ambayo hujawahi kuisikia. Wa pili amekimbilia mbele na kuuawa kabla hujatua vizuri. Wa tatu hata hasogei. Dakika kumi baadaye mmechapwa na bando limeliwa. Ukuta mmoja tu kutoka kwako, komredi mwingine ametoka kuteseka vivyo hivyo. Mnapishana kila asubuhi kwenye bomba la maji, na hakuna anayejua kwamba mwenzake anacheza.

Kama unasomea kompyuta, huenda wazo limeshakujia: tengeneza apu ya kukutanisha wacheza gemu. (Usiwaite wagema, tafadhali. Wagema wana minazi yao ya kukwea.) Wazo ni zuri. Shida huanzia kwenye ile slaidi ya pili utakayowaonyesha wahadhiri, yenye ramani ya Afrika nzima iliyopakwa rangi moja.

Hebu tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Chukua watu 300 waliojisajili. Kwa mradi wa mwanafunzi, hao ni wengi. Kila mmoja anacheza saa moja kwa siku, wakati wowote anaojisikia. Gawanya 300 kwa saa 24: kwa wastani, watu 12 na nusu ndio wanaocheza kwa wakati mmoja. Wagawe hao kwa gemu tano, tuseme EA Sports FC, eFootball, PUBG Mobile, Call of Duty na Tekken. Wamebaki wawili na nusu kwa kila gemu. Watenge tena kwa kiwango, wanaoanza, wa kati na wakali, na huna hata mtu mmoja kamili. Ni kweli usiku watu huwa wengi kuliko alfajiri, lakini unaona mambo yanakoelekea. Mtu anafungua apu yako, anakuta kimya, anaifuta. Kesho yake anawaambia wenzake mesi kwamba ile kitu haina watu.

Kikokotoo kitakufanyia kazi hata ukiwa peke yako duniani. Hii apu haiwezi. Unachowauzia watu si kodi uliyoandika, ni wale wengine waliomo ndani dakika hiyo hiyo wanapoifungua. Ndiyo maana waliofanikiwa kwenye biashara ya kukutanisha watu walianzia padogo. Facebook ilipozaliwa 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Harvard pekee, na bila anwani ya barua pepe ya chuo hukuingia. Ilisogea chuo kwa chuo, na ikafungulia umma mlango Septemba 2006. Tinder nayo, mwaka 2012, ilisukumwa kwenye vyuo vya Marekani kwanza, mahali ambapo watu wa rika moja wamebanana eneo moja.

Sasa tazama ulipo. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake mwaka 2013. Kabla ya hapo kilikuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, na hadi leo ukipanda matatu mjini unasema tu Chepkoilel na kila mtu anakuelewa. Ni kilomita tisa hivi kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Ziwa. Maelfu ya vijana wanalala, wanakula na kucheza ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, sawa, lakini hata jiji ni kubwa mno kwa siku ya kwanza. Chukua gemu moja. Chukua usiku mmoja wa wiki, saa mbili hadi saa nne. Wale wale 300, theluthi yao tu wakija, ni watu 100 kwa wakati mmoja na kila mmoja ana wa kucheza naye.

Kuna jambo lingine ambalo watengenezaji wengi hulisahau, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya kebo ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Frankfurt, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, kwenda na kurudi kunakula milisekunde 60 hata mambo yakienda sawa kabisa. Na kebo hainyooki kama ndege: inashuka kwanza hadi Mombasa, ambako TEAMS na SEACOM zilitia nanga 2009, kisha inazunguka baharini. Ndiyo maana unafyatua risasi wewe kwanza na bado unakufa wewe.

Nisikudanganye: kuwa majirani hakutaliondoa hilo kwenye Call of Duty, kwa sababu nyote bado mnapitia seva ile ile ya mbali. Angalau mtachelewa sawasawa, na mnaweza kupigiana kelele kupitia ukutani. Ila zipo gemu ambazo hazihitaji seva yoyote. Mini Militia inachezwa kwa hotspot ya simu moja, bila bando hata la shilingi tano. EA Sports FC inachezwa na watu wawili kwenye kochi moja pale kwenye kibanda cha PlayStation, unalipa kwa gemu na aliyefungwa anapisha. Kwa hivyo swali la kwanza la apu yako lisiwe umri wala picha. Liwe hili: mtandaoni, kwa hotspot, au kibandani?

Tukiongea ukweli, mfano wa apu hii mnao tayari barabarani, na hauna hata laini moja ya kodi. Amka mapema uangalie wanaokimbia. Nenda Iten asubuhi ya Alhamisi uone fatleki, zile mbio za kubadilisha kasi, dakika kadhaa mbio na dakika kadhaa taratibu. Mtu anayetaka kufanya mazoezi na kundi anahitaji kujua mambo matatu: wanaanzia wapi, saa ngapi, kwa kasi gani. Hakuna anayeulizwa anapenda muziki wa nani. Ukichelewa, hausubiriwi. Ukiona kasi imekushinda, unarudi nyuma kwa wenzako wa kiwango chako na hakuna anayekucheka sana. Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na wawekaji kasi 41 waliopokezana, na kila mmoja alijua ni kilomita ipi anatakiwa kuwa pale.

Kuwa pale. Hapo ndipo apu yako itasimama au kuanguka, na ndipo ningetumia muda wangu mwingi kama ningekuwa wewe.

Wengi wanadhani ugumu uko kwenye kupima uwezo. Hilo lilishatatuliwa zamani. Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungary, alitunga hesabu ya kupima wacheza chesi, na shirikisho la dunia la chesi, FIDE, likaichukua mwaka 1970. Ukimshinda aliyekuzidi unapanda sana, ukimshinda mnyonge unapanda kidogo. Unaweza kuiandika jioni moja. Lakini Elo anakupa mpinzani. Wewe unatafuta mwenza, na mwenza mbovu si yule anayekosa shabaha. Ni yule aliyesema "niko njiani" saa mbili kasoro kumi, akaingia mitini. Ni yule anayezima simu katikati ya gemu kwa sababu mmefungwa mabao mawili.

Kwa hivyo hesabu kitu kimoja kwa uaminifu: aliahidi mara ngapi, akafika mara ngapi. Tofautisha aliyetoa taarifa nusu saa mapema na aliyenyamaza. Na ukumbuke stima. Hapa kwetu stima inapotea, bando linaisha, mwenye ploti anagonga mlango. Anayekosa mara moja asichomwe picha mbele ya chuo kizima. Asogezwe chini kidogo kwenye orodha, na akifika mara tatu mfululizo arudi alipokuwa.

Nyota tano achana nazo. Watu wakishindwa hulipiza kisasi kwa nyota. Baada ya gemu, uliza kila mmoja swali moja kwa siri: ungecheza naye tena? Wote wawili wakisema ndiyo, wiki ijayo wapange pamoja kwanza. Mmoja akisema hapana, usimwambie mwingine chochote. Wasikutane tu tena.

Siri hiyo si adabu peke yake. Muulize dada yeyote anayecheza ni mara ngapi amezima maikrofoni ili wasijue ni msichana. Kenya ina mtu kama Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, ambaye mwaka 2018, akiwa bado mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kucheza Tekken. Wangapi wa kiwango chake wamejificha kwenye hosteli zenu kwa sababu kila wakiongea mtu anawaomba namba ya simu? Apu ya kukutanisha watu, ikiundwa na wavulana wanne waliokaa chumba kimoja, hugeuka haraka sana kuwa apu ya kutongoza. Hutalikusudia. Litatokea tu.

Basi jinsia isionyeshwe kabisa. Namba ya simu isitoke kwa mtu yeyote, hata mkishacheza mara kumi. Mwenye namba atoe mwenyewe akitaka. Mahali paandikwe "Chepkoilel", si ploti wala chumba, maana kuna anayemkimbia mpenzi wa zamani na hahitaji apu yako imwonyeshe njia. Wanaokutana ana kwa ana mara ya kwanza wapangiwe kibandani, mchana, mbele ya watu. Kitufe cha kuzuia mtu kifanye kazi papo hapo, na aliyezuiwa asijue. Kaeni pia na wasichana wawili watatu mezani tangu siku ya kwanza ya kuchora, si siku ya kupiga picha za uzinduzi.

Sheria nayo haikusamehi kwa kuwa ni mwanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye tu unachohitaji na umweleze mtu utakifanyia nini. Likizo zikifika, vijana wa sekondari watajisajili, na data ya mtoto huishughulikii bila idhini ya mzazi au mlezi. Njia rahisi ni kuwafungia walio chini ya miaka 18 hadi uwe na uwezo wa kuwalinda. Utapoteza wachezaji, najua.

Halafu kuna pesa. Mtu atakuja, na atakuja mapema, akikwambia weka sehemu ya wachezaji kuwekeana dau, apu ikate asilimia yake, M-Pesa imalize kazi. Ni njia fupi ya kulipia seva, na ndiyo nitakayokusihi uikatae. Unajua hali ilivyo HELB ikiingia. Unawajua waliobeti karo. Kibandani, mtu akipoteza mia mbili, rafiki yake anamshika mkono na kumtoa nje. Ndani ya simu, saa nane za usiku, hakuna wa kumshika mkono, na wewe unakula asilimia. Na mwenza akishakuwa mdaiwa wako si mwenza tena. Kama unataka hela halali, nenda kwa wenye vibanda. Siku zisizo na wateja wana skrini zimekaa bure. Wajazie viti Jumanne alasiri, wakulipe kidogo kwa kila kiti. Hiyo ni biashara unayoweza kumweleza mamako.

Lakini kabla ya hayo yote, usiandike kodi kwanza. Tengeneza kundi la WhatsApp, au bandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa hosteli: gemu gani, saa ngapi, wapi, kiwango gani. Wewe mwenyewe uwe ndiyo apu. Pokea majina, wapange wawili wawili kwa mkono, wakumbushe saa moja na nusu usiku, andika kwenye daftari nani alifika na nani alikudanganya. Fanya hivyo Jumatano sita. Utajifunza mambo ambayo hakuna mhadhiri atakayekufundisha: kwamba wakali hawataki kucheza na wanaoanza isipokuwa wakiombwa vizuri, kwamba mvua inaongeza watu, kwamba mechi ya Arsenal inawafyeka wote. Ukishindwa kupata watu kumi na wawili kwa karatasi, seva haitakupatia.

Ukiwapata, anza kujenga. Na ukishajenga, ongeza kitufe kimoja ambacho hakuna atakayekiomba: kinachofunga apu nzima wiki mbili za mitihani. Watakutukana. Kiweke tu.