NYUMBA NA VYOMBO VYAKE: Mipangilio Isipotee Kontena Lifutwapo

Askari ahamishwapo kutoka kambi moja hadi nyingine, hema huvunjwa na kitanda cha serikali hurudishwa stoo, lakini sanduku lake huenda naye. Siku hizi zipo nyumba ambazo kompyuta zake huendesha programu kwa namna hiyo hiyo, yaani ndani ya kontena, na wenyewe hujikuta wana hema bila sanduku.

Kontena ni chumba kilichotengwa ndani ya kompyuta, ambamo programu hukaa na vifaa vyake vyote isigombane na nyingine. Njia hii ilienea baada ya Docker kutokea mwaka 2013. Ilikusudiwa hasa seva, lakini wapo waitumiao kwa programu za mezani kama LibreOffice na Thunderbird.

Kontena husimama juu ya taswira, na taswira haiandikwi. Kila kitu ambacho programu hukiandika huwekwa katika tabaka jembamba lililo juu yake, na tabaka hilo hufutwa pamoja na kontena. Kulisimamisha kontena na kuliwasha tena hakudhuru. Kulifuta ndiko kudhuruko, na kwa kawaida toleo jipya la programu huingia kwa kuliondoa kontena la zamani na kuunda jingine. Wengine huongeza agizo la --rm, ambalo hulifuta mara tu programu ifungwapo.

Hapo ndipo hupotea ukubwa wa herufi aliowekewa babu asiyeona vizuri, na maneno ya Kiswahili yaliyoongezwa katika kamusi ya kusahihishia. Hayo huudhi tu. Zito ni la barua. Mume yuko kazini ng'ambo ya mpaka. Barua zake zimekwisha kupakuliwa na Thunderbird na kuondolewa kwenye seva. Kontena likifutwa, na barua zimekwenda.

Dawa ni kuiweka folda ya mipangilio nje ya kontena. Katika Linux, LibreOffice huandika mipangilio yake ndani ya .config, iliyomo katika folda ya mtumiaji. Jina huanza kwa nukta, kwa hiyo folda haionekani mpaka itafutwe. Mahali hapo paunganishwe na folda ya kompyuta yenyewe, au na voliumu yenye jina, ambayo Docker huitunza hata kontena likiondoka. Lakini tofauti ipo. Folda tupu ikiunganishwa huvificha vilivyokuwamo katika taswira mahali hapo, na programu yaweza kuonekana kama imeibiwa. Voliumu mpya hunakiliwa vitu hivyo kwanza.

La pili ni umiliki, na hili ndilo huwachosha wengi. Linux humtambua mtu kwa namba: mtumiaji wa kwanza aghalabu ni 1000, na mkuu wa mfumo ni 0. Kontena likiendeshwa kwa namba 0, mafaili yake huandikwa kwa jina la mkuu huyo, na mwenye nyumba hukataliwa kuyagusa. Yafaa kontena liamriwe tangu mwanzo kutumia namba ya mwenye nyumba.

Wala isiunganishwe folda nzima ya mtumiaji kwa uvivu. Programu iliyofungiwa chumbani ikapewa funguo za nyumba yote haijafungiwa.

Asiyetaka taabu hiyo atumie Flatpak, ambayo huweka mipangilio ya kila programu katika .var/app, nje ya programu yenyewe, na huiacha hapo hata programu iondolewapo, isipokuwa mtu aamuru ifutwe.

Kabla ya kuamini kazi, ibadilishwe rangi au herufi moja, kontena lifutwe na kuundwa upya, kisha itazamwe kama badiliko limebaki. Jaribio hilo lifanywe siku ya kwanza, barua zikiwa bado hazijaingia. Na nakala ya folda ichukuliwe programu ikiwa imefungwa, kwa maana faili linaloendelea kuandikwa huweza kunakiliwa nusu.