Huruma na Uadilifu Baina ya Watoto

Minada ya korosho ikishaanza hapa Tandahimba, nyumba nyingi hushika fedha ambazo hazikuonekana tangu msimu uliopita. Ndipo kijana wa kiume hununuliwa baiskeli, na dada yake, aliyeokota naye korosho chini ya mikorosho ile ile, huambiwa asubiri mwakani. Akilalamika, twamwita mwenye wivu.

Kwa maoni yetu, huo si wivu. Mwaka 2015 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya watoto wa nchi saba, Uganda na Senegal zikiwamo. Watoto wawili waliwekewa peremende, na mmoja wao akapewa hiari ya kuukubali mgao au kuukataa, wote wawili wakose. Katika nchi zote saba, kadiri walivyokua, watoto walikataa kupunjwa. Lakini kukataa kupata zaidi ya mwenzao kulionekana katika nchi tatu tu, yaani Marekani, Kanada na Uganda, tena kwa watoto waliokwisha kukua. Basi mtoto hahitaji kufundishwa sana kuidai haki yake. Kuiona haki ya mwenziwe ndiko kunakotaka malezi.

Mwenye baiskeli na aulizwe: dada yako huhisi nini akikuona ukiiendesha? Na maji, ambayo huku juu hayapatikani kwa urahisi, ni nani huamshwa alfajiri kuyafuata? Tusimjibie. Tumwache alifikiri mwenyewe.

Hata hivyo, huruma humwelemea yule aliye karibu na moyo. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Bashir bin Saad (r.a.), aliyempa mwanawe Nu'uman zawadi. Mama wa mtoto, Amra binti Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume (s.a.w.) ashuhudie. Mtume akauliza iwapo watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipojibiwa kuwa hawakupewa, hakukubali kushuhudia, na Bashir akairudisha zawadi ile. Katika mapokezi mengine alimuuliza pia kama angependa wanawe wote wamtendee wema kwa usawa, swali lililomfanya baba ajione tayari mzee, mbele ya watoto aliowanyima.

Aliyeisimulia habari hii, tena akiwa juu ya mimbari, ni Nu'uman mwenyewe, yule mtoto aliyerudishiwa zawadi yake nyuma. Nasi hatuoni kinyongo cho chote katika usimulizi wake.