Kiswahili Nilikikuta Maktabani, Nyumbani Hakikuwamo

Wahenga walinena: tembea uone. Nami nilitembea nikaona, na niliyoyaona yangali yananikera moyoni hata leo. Ndiyo maana nimeshika kalamu niwasimulie walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu.

Katika likizo ya Agosti mwaka 2024 nilifuatana na mama yangu mzazi kwenda London kumzuru ndugu yangu mdogo, ambaye amelowea huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama ni mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Hakuwa amepanda ndege maishani mwake, na wajukuu wake wawili alikuwa akiwajua kwa picha tu. Tulipoingia ndegeni jijini Nairobi, mhudumu mmoja, binti wa kwetu, alimwinamia akamwambia, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na hofu yote ikamtoka. Kwa muda wa saa tisa hivi, tukivuka majangwa na bahari ya Mediterania, alikuwa akinitajia vitendawili na ngano atakazowatolea wajukuu wake, pamoja na majina ya mababu ambayo sharti wayajue.

Tulipotoka katika uwanja wa Heathrow, ndugu yangu alitupokea kwa machozi ya furaha. Watoto walikuwa kando yake, msichana wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Mama akanyosha mkono ili wamwamkie. Wakaushika, wakatabasamu, wakasema maneno mawili matatu ya Kiingereza. Mama akanigeukia, akaniuliza, "Asemaje?"

Hilo ndilo neno nililolisikia tangu asubuhi hadi usiku kwa majuma mawili. Mtoto akisema, nyanya huuliza asemaje; nyanya akisema, mtoto humtazama babake naye huuliza vivyo hivyo kwa lugha yake. Ngano alizozibeba Mama kutoka Mombasa zilipita kinywani mwangu kwanza, na kila nilipozifasiri zilipoa kama chai iliyoachwa mezani. Kitendawili ukikifasiri hakiteguki tena. Siku ya tatu Mama aliacha kutega.

Haikosi ndugu yangu alitutembeza. Tulipanda yale mabasi mekundu ya ghorofa, Mama akataka kukaa juu, mbele kabisa. Tulisimama kando ya mto Thames tukalitazama Daraja la Tower, lililofunguliwa mwaka 1894. Mama alistaajabu kuona jua likizama saa mbili na ushei usiku, akawa anachungulia dirishani kungoja magharibi aswali. Walakini, maajabu ya mji huo hayakumwondolea unyonge niliokuwa nikiuona usoni mwake.

Siku moja tulikwenda katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, lililoasisiwa mwaka 1753. Humo mna jiwe la Rosetta, lililochongwa nchini Misri mwaka 196 kabla ya kuzaliwa kwa Yesu. Limeandikwa tangazo moja kwa hati tatu: hati mbili za Kimisri na moja ya Kiyunani. Kwa zaidi ya miaka elfu moja maandishi ya Wamisri wa kale yalikuwa yamejaa katika kuta za mahekalu na makaburi, na hapana binadamu aliyeweza kuyasoma. Mfaransa Champollion ndiye aliyefumbua siri hiyo mwaka 1822. Alisaidiwa na nini? Alisaidiwa na jiwe hilo, naam, lakini vilevile alisaidiwa na Kikopti, lugha iliyotokana na ile ya kale, ambayo Wakristo wa Misri walikuwa wangali wakiitumia katika ibada. Mawe yalikuwapo muda wote huo. Kilichoyapa sauti ni masalio ya lugha yaliyobaki vinywani mwa watu.

Kutoka hapo hadi Chuo cha SOAS ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimeomba mapema ruhusa ya kuonyeshwa miswada ya kale ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika maktaba yao. Miongoni mwa hazina hiyo mna karatasi za mmisionari W. E. Taylor, ambaye katika karne ya 19 alikusanya mashairi ya Muyaka, malenga wetu wa Mombasa, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Niliandamana na Mama na yule mjukuu wa kike.

Mswada uliwekwa mezani. Umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Mimi mwenye shahada nilianza kuusoma kwa kubabaika. Herufi hizo, kama zilivyotumiwa zamani, zina utata mwingi: "ba" moja huweza kuwa b, au p, au mb, na asiyeijua lugha vyema hawezi kupambanua lipi ni lipi. Mama, ambaye hakwenda shule bali alisoma chuoni tu, na ambaye uwanjani Heathrow hakuweza kusoma hata kibao cha kutuonyesha njia, aliinama, akasogeza miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Hakusita. Mdomo wake uliyajua maneno kabla ya jicho kuyafikia. Alisoma beti nzima nzima huku akitikisa kichwa, kana kwamba anazungumza na jirani yake wa Mji wa Kale.

Yule msichana alimkodolea macho nyanya yake. Kisha akaninong'oneza kwa Kiingereza: nyanya anasema nini?

Sikuweza kumjibu papo hapo. Niliona kwamba Kiswahili kilikuwa kimetunzwa vyema katika jumba lile, karatasi isipatwe na unyevu wala mchwa; lakini mwendo wa basi kutoka hapo, nyumbani kwa ndugu yangu, kilikuwa kimekufa bila ya matanga.

Usiku huo nilimlaumu ndugu yangu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kaka, nilichelea watoto watachanganyikiwa, wabaki nyuma darasani. Nilijua watakuja kujifunza baadaye." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na wewe wa kitinda mimba wako unasema naye lugha gani?"

Msomaji, nilishikwa na haya. Mimi ninayefundisha ngeli na ushairi mchana, jioni humsaidia mwanangu kazi za shule kwa Kiingereza, humkemea kwa Kiingereza na hata humpongeza kwa Kiingereza. Katika shule moja niliyopata kufundisha tulikuwa tukiwavika kibao shingoni wanafunzi waliosema lugha zao, nami sikuwahi kupinga. Nyani haoni kundule. Nilisafiri kwa saa tisa kwenda kuona kosa ambalo nilikuwa nimeliacha sebuleni kwangu.

Hapana shaka nchi yetu imekiheshimu Kiswahili kwa sheria. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kimekuwa somo la lazima lenye mtihani. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Hayo yote ni mema, na simbezi aliyeyapigania. Lakini katiba haimbembelezi mtoto alale, na mtihani haumtegi mjukuu kitendawili. Lugha ikipata alama darasani na kukosa nafasi jikoni, mwisho wake ni kuwa kama yale maandishi ya Misri: yapo, yanapendeza, wala hapana ayasomaye.

Wala sisemi Kiingereza kiachwe. Watoto wa ndugu yangu wanakihitaji, na wetu pia. Ninalolisema ni kuwa mtoto ana nafasi ya lugha mbili, hata tatu. Sisi wazazi ndio tunaompunja. Na lisemwalo juu ya Kiswahili huko London ndilo lisemwalo juu ya Kitaita, Kiluhya au Kipokomo jijini Nairobi, ambako wajukuu wengi huenda mashambani likizo wakawa mabubu mbele ya babu zao.

Basi mwalimu mwenzangu, kabla ya kusahihisha insha za watoto wa watu, isahihishe meza ya nyumbani kwako. Nawe mwanafunzi, usingoje kuamrishwa. Nyanya yako angali hai? Mwendee, umwulize jina la babake na maana yake, uandike.

Yule msichana wa London sasa humpigia Mama simu kila Jumamosi. Juzi nilikuwa nimeketi karibu, nikamsikia akitamka "Shikamoo" kwa ulimi mzito, akikosea mkazo. Mama aliitikia bila ya kunigeukia kuniuliza neno.