Neno la mwezi: "Border", mama wa bodaboda

Mwezi huu tuko na neno la Kiingereza ambalo kila mtu hapa kambini analitaja kila siku bila kujua: "border", yaani mpaka.

Litamkeni: boda. Ndiyo hiyo hiyo ya bodaboda! Miaka ya 1960 kule Busia, Kenya na Uganda zinapokutana, kituo cha nchi moja kilikuwa mbali na cha nyingine, na kuvuka na gari kulitaka makaratasi mengi. Vijana wa baiskeli wakabeba watu na mizigo, huku wakiita, "Boda! Boda!" Jina likasafiri na barabara hadi Mbale na Jinja, baiskeli za kiti cha sponji zikajaa mjini. Baadaye pikipiki zikarithi jina. Leo mtu wa Jinja anapanda boda kutoka sokoni hadi nyumbani, wala hakuna mpaka anaovuka.

Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa, karne ya 14. Maana yake ilikuwa ukingo, kama pindo la kitenge.

Watoto wa P7, hapa angalieni sana. "Boarder", yenye herufi a, ni mwanafunzi wa bweni. Hilo linatoka "board", ubao, tena meza ya chakula: ni mtu anayelipa ale na kulala hapo. Sauti ni moja. Lakini kwenye fomu ya shule ukisahau hiyo a, umejiandika mpaka!

Na mipaka inahama, jamani. Kabla ya 1902 Uganda ilifika hadi Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakaukata upande huo wa mashariki, wakautia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili mpaka leo.

Tulipowauliza watoto darasani "boda" ni nini, karibu wote walijibu: pikipiki. Wengi wamezaliwa hapa. Kwetu wakubwa neno hilo lina usiku ndani yake, na mzigo kichwani, na askari.

Basi wazazi, tunaomba jambo moja. Jioni moja mwambieni mtoto jina la mpaka mliouvuka, iwe Bunagana, Mpondwe au Elegu, na mwaka wenyewe. Siku moja ataulizwa ofisini, na nyinyi hamtakuwa karibu.

Mwezi ujao: neno "camp".