Tunatuma hela za kondoo, hatutumi hela za pumba

Leo naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 2021 nilimwita mdogo wangu wa damu mwizi, kwenye simu, na mama yetu akiwa amekaa pembeni anasikia. Sababu ni wanakondoo watano.

Kisa chenyewe si kirefu. Nilikuwa nimetuma hela Karatu wanunue kondoo majike wanane na dume mmoja, wafugwe kwenye kishamba chetu cha ekari mbili. Mwezi wa tisa wakazaliwa wanakondoo tisa. Nikafurahi, nikawaonyesha hadi watu wa kazini picha zao. Haikufika wiki ya pili nikaambiwa wamebaki wanne. Mimi nikasema kondoo hafi kihivyo, sema umeuza. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Kaka, kondoo umenunua. Chakula chao hujanunua." Nikaona ananiletea siasa, nikakata simu.

Naishi Wales, nchi ambayo kondoo ni karibu mara tatu ya watu. Machi 2022 nilipata kibarua cha usiku kwa mzee mmoja jirani mwenye shamba dogo, majike wake wakiwa wanazaa. Nilidhani kazi ni kusubiri kondoo azae, umfute mwana, basi. Usiku wa kwanza yule mzee akaniambia kazi kubwa imekwishafanyika, wiki sita zilizopita. Mimba ya kondoo ni kama siku 147, karibu miezi mitano. Katika miezi ile ya mwanzo mtoto tumboni ni mdogo sana. Sehemu kubwa ya uzito wake, kama theluthi mbili au zaidi, anaipata katika wiki sita za mwisho. Katika wiki hizo hizo ndipo kiwele cha mama kinapojiandaa. Mama akishinda na njaa wakati huo, anazaa mwana mdogo, dhaifu, na kiwele kiko kama mfuko mtupu.

Hapo nikakumbuka Karatu mwezi wa nane. Vumbi, mabua makavu, majani hakuna. Majike wangu wanane walipitisha wiki zao sita za mwisho wakitafuna mabua hayo.

Tuje kwenye maziwa ya kwanza, yale ya njano mazito tunayoita dang'a. Mtoto wa binadamu anapata sehemu ya kinga yake tumboni kwa mama. Mwanakondoo hapati, anazaliwa mtupu kabisa. Kinga yake yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na utumbo wake unaweza kuipokea kwa muda mfupi tu: saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, na ikifika siku moja mlango umefungwa. Yule mzee alikuwa hana mchezo na jambo hili. Kila jike akizaa anakamua kidogo kila chuchu, kutoa kile kijinta kinachoziba tundu, ahakikishe maziwa yanatoka kweli. Kisha anamsogeza mwana mpaka anyonye. Kipimo chake kilikuwa mililita 50 kwa kila kilo ya mwana, ndani ya saa mbili za mwanzo, halafu tena na tena siku ile. Kwa mwanakondoo wa kilo tatu ni mililita 150, kama nusu ya chupa ya soda. Ni kitu kidogo kiasi hicho, ndugu zangu.

Sasa sikilizeni aibu yetu. Kwetu, nilipokuwa mdogo, ile njano ilikuwa inakamuliwa na kumwagwa chini, ikisemekana inaharisha vitoto. Nilipompigia mama kumuuliza kama bado wanafanya hivyo, akacheka: "Mwanangu, si ndivyo tulivyofundishwa?" Ndivyo walivyofundishwa, na mimi niliyesoma na kuvuka bahari sikuwahi kuuliza.

Kuna na mwana anayekataliwa na mama, au mama amekufa, au wamezaliwa pacha na maziwa ya mmoja. Huyo anahitaji chupa na mtu wa kuishika. Hapa Wales wana maziwa ya unga ya kondoo. Nyumbani tuna ng'ombe na mbuzi, na wanafaa, ila msiyaongeze maji. Maziwa ya kondoo yana mafuta kama asilimia 7, ya ng'ombe wa kawaida ni kama asilimia 4. Tayari ni mepesi kwake, ukiongeza maji unamshibisha tumbo huku mwili una njaa. Anyweshwe ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku mwanzoni, akiwa amesimama kwa miguu yake kama anavyosimama chini ya mama. Watoto wetu wanapenda kumpakata chali kama mtoto mchanga. Picha inapendeza, lakini maziwa yanaingia mapafuni na kesho unafukia. Na kabla ya chupa, mtie kidole mdomoni. Kama mdomo ni wa baridi, mpashe joto kwanza, maana mwana aliyepoa hawezi kufanyia kazi maziwa unayompa.

Baada ya wiki mbili hivi anaanza kudokoadokoa. Hapo atengewe kijisehemu chenye upenyo anaopita yeye na mama hapiti, awekewe majani laini, pumba kidogo na maji safi. Chakula cha nguruwe au cha ng'ombe kilichoongezwa madini msimpe: madini ya shaba yakizidi yanamuua kondoo taratibu, wakati nguruwe huyahimili vizuri tu.

Sasa hoja yangu. Sisi wa nje tuna ugonjwa wa kununua kinachoonekana. Tunataka picha. Siku hizi kila mtu anataka Dorper, yule mweupe mwenye kichwa cheusi, aliyezalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo Mwajemi mwenye kichwa cheusi. Ni mnyama mzuri, simkatai. Lakini mwili mkubwa unadai chakula kikubwa, na penye minyoo mingi yule mwekundu wa Kimaasai anamshinda. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulilionyesha hilo wazi. Tunamdharau mwekundu kwa sababu babu alikuwa naye.

Nilipiga hesabu, na hesabu hii ndiyo iliyoniumiza. Majike wanane, kila mmoja gramu 300 za pumba na mashudu ya alizeti kwa siku, kwa siku 42. Jumla ni kama kilo 100. Magunia mawili ya kilo hamsini! Mimi niliyetuma hela ya kondoo tisa na nauli ya lori, nilishindwa kutuma hela ya magunia mawili, kisha nikamwita mwizi mtu aliyekuwa akiamka saa tisa usiku na tochi ya simu.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba ndugu zao waliwala kweli. Wapo, sikatai, na wengine wamejengewa nyumba hewa. Lakini naomba nieleweke: kabla hujamtuhumu mtu, muulize mama mwenye mimba alikula nini mwezi ule, na nani alilipia. Ukikosa jibu la swali la pili, nyamaza kwanza.

Jambo jingine halina gharama yoyote, ni dume. Tunamwachia mwaka mzima na majike, kwa hiyo wanazaa wakati wowote, hata kiangazi kikali. Wamaasai wana ujanja wa zamani wa kumfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo mpaka wakati wautakao. Kwa Karatu dume akifunguliwa mwishoni mwa Novemba, wana wanakuja mwishoni mwa Aprili. Wiki sita za mwisho zinaanguka masika yanapoanza, na mama ananyonyesha majani yakiwa mengi. Mvua ina baridi yake, kwa hiyo banda liwe kavu na upepo usipite chini. Mdogo wangu hili alilijua. Alikuwa ameshaniambia kabla hata ya kununua, nikamjibu kwamba tusipoteze muda.

Nilimwomba radhi mwaka 2022, mbele ya mama, kwa simu ile ile. Alisema yameisha, ingawa kwa muda mrefu baada ya hapo kila mwana aliyekufa alikuwa ananitumia picha ya maiti yake, bila neno hata moja. Hilo nimelistahili. Siku hizi hela ya pumba na mashudu naituma mwezi wa pili, kabla ya kitu kingine chochote, na yeye ndiye anayepanga dume aingie lini.

Aprili 2024 walizaliwa kumi. Alikufa mmoja, aliyelaliwa na mama yake usiku. Tisa wakafika kuachishwa. Picha aliyonituma mara hiyo ilikuwa ya gunia tupu limetundikwa kwenye uzio, na chini yake ameandika: "Kaka, mashudu yamekwisha."